Jua Halijafika Jikoni

Kaldavík, 2 Februari 1969

Mdogo wangu Eyvindur,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi yangu Lovísa. Natumaini nyonga yake imetulia. Mimi ni mzima. Mkono niliouvunja mwaka jana umeunga vizuri, unauma tu upepo ukitoka kaskazini, yaani unauma kila siku. Ingileif, jirani yangu, anakusalimu. Mchungaji ana mafua na mahubiri yamekuwa mafupi, tunamshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Barua yako ya Krismasi imenifikia wiki iliyopita. Meli ya posta ilikaa siku tisa nyuma ya rasi ikisubiri bahari itulie, na ilipofika, nusu ya mfuko ilikuwa imelowa. Usiniambie tena nipige simu. Unajua vizuri kwamba kila simu ya mji huu inapita masikioni mwa yule mama wa posta anayeziunganisha, na nikikohoa leo, kesho naletewa dawa na watu watatu.

Hali ya hewa unaiuliza kila mara, basi pokea. Jumatatu theluji mpaka kwenye kitasa cha mlango. Jumanne mvua. Jumatano ile mvua ikaganda, na mji mzima ukatembea kwa magoti. Alhamisi theluji nyingine juu ya barafu. Ijumaa upepo uling'oa mlango wa banda la kondoo la Brandur ukaupeleka makaburini. Brandur ameufuata na kuurudisha, na tangu hapo hasalimii mtu.

Wenzetu wa bandarini waliliona jua tarehe ishirini na saba, dakika tatu, wakanywa kahawa yao ya jua, ya kulikaribisha baada ya miezi ya kivuli, wakajisifu kama vile wamelitengeneza wenyewe. Sisi wa chini ya mlima tunangoja lifike kwenye pengo la mlima Hestur kama kawaida. Tarehe kumi na tisa mwezi huu. Unga upo, mayai yapo. Je, safari hii unakuja, au nisikilize tena habari za ndege?

Dada yako,
Steinvör


Reykjavík, 11 Februari 1969

Dada Steinvör,

Barua imefika. Lovísa anakusalimu, nyonga ni ile ile, lakini analalamika kwa sauti ya chini zaidi, kwa hiyo naamini kuna nafuu. Mjukuu wetu anapata kipaimara baada ya Pasaka na nyumba nzima inazungumza habari za gauni. Mimi najifungia dukani na saa zangu.

Sasa dada, vumilia nikuulize. Barua yako nimeisoma kwa nusu saa. Mistari inapandana. Ukurasa wa pili umeandika sentensi mbili mahali pamoja, moja juu ya nyingine, nikalazimika kuziachanisha kama nyaya. Na bahasha imeandikwa na mtu mwingine. Halafu zile soksi ulizotuma, asante sana, ila moja ni ya kijivu na ya pili ya kahawia. Lovísa amesema labda ndiyo mtindo wa huko. Nimezivaa. Fundi mwenzangu ameniuliza kama nimevaa gizani.

Una haraka gani, mtu unayeishi peke yako na kondoo hata huna?

Halafu nilikuuliza daktari alisema nini ulipoanguka kwenye ngazi ukavunja mkono. Nimeuliza mara tatu. Unanijibu habari za mlango wa Brandur. Nakukumbusha tulichokubaliana hospitalini hapa Reykjavík: likitokea jambo jingine lolote, moja tu, unafunga nyumba unahamia huku kwetu. Chumba kipo, kina dirisha la kusini na jua mwaka mzima. Ulikubali mbele ya Lovísa.

Tarehe kumi na tisa nitakuja, ndege ikiruka. Nimekwisha kuweka nafasi.

Eyvindur


Simu ya maandishi, Reykjavík, 19 Februari 1969

NDEGE IMEAHIRISHWA HALI MBAYA YA HEWA. SAMAHANI. KUNYWENI KAHAWA. EYVINDUR


Kaldavík, 23 Februari 1969

Mdogo wangu,

Ujumbe wako niliupata, na mji mzima uliupata kabla yangu. Salamu kwa Lovísa.

Kahawa hatukunywa, maana jua halikuonekana. Tarehe kumi na tisa kulikuwa na wingu. Ishirini kulikuwa na wingu. Ishirini na moja palikuwa na kitu ambacho si wingu wala si ukungu wala si theluji, kitu fulani cha kijivu kilichokaa ghubani kama mgeni asiyejua kuaga. Nimekaa mezani kila siku kuanzia saa tano hadi saa saba mchana. Nimemenya viazi vingi kuliko ninavyoweza kula.

Unajua desturi ya nyumba hii, lakini nakuandikia kwa sababu nadhani huko mnasahau. Baba alianza mwaka 1908 kuandika kwa penseli kwenye fremu ya dirisha la jikoni siku jua linapogusa meza. Anayeandika ni aliyeliona kwa macho yake. Si kwa kuhesabu, si kwa kuambiwa na watu wa bandarini. Chapati za maji hazikaangwi kabla ya hapo hata unga ukioza. Mwaka 1934 tulingoja hadi tarehe tisa Machi na Baba hakulegeza. Wewe ulilia ukitaka chapati, ulikuwa na miaka ishirini na tisa.

Soksi ni rangi mbili kwa sababu nilipenda ziwe rangi mbili.

Daktari alisema nile samaki. Nakula samaki.

Steinvör


Reykjavík, 28 Februari 1969

Dada,

Sote wazima. Sikulia mwaka 1934, nilikuwa na mafua.

Kuhusu ndege, ningefanya nini? Nilikuwa kiwanjani tangu alfajiri na begi langu, nimebeba machungwa na ile kahawa unayoipenda. Wakatutangazia kwamba ghuba zote za magharibi zimefungwa. Nimechoka na nchi hii. Mtu anaweza kwenda Copenhagen akala chakula cha mchana akarudi, lakini kumfikia dada yake wa damu lazima kwanza apate ruhusa ya upepo.

Niandikie jua likifika, tarehe na saa. Nimeandika kila mwaka kwenye daftari langu la dukani na sipendi nafasi tupu. Na safari hii andika pole pole.

Eyvindur


Kaldavík, 5 Machi 1969

Eyvindur mdogo wangu,

Limefika. Naanza na hilo, salamu zitafuata.

Jumatatu, tarehe tatu Machi, saa sita kasoro dakika ishirini. Nilikuwa nimekaa mezani na kisu mkononi. Mwanga uliingia dirishani wote kwa mara moja, mweupe, ukatua mezani, ukanipanda mikononi. Nilikaa nao. Ukadumu kama dakika saba, kisha ukahamia ukutani, juu ya picha ya Mama, ukaondoka. Sikuona haya kulia, hapakuwa na mtu.

Nikaandika kwenye fremu. Nikapiga simu, ndiyo, mimi, nikamwambia yule mama wa posta awaambie watu waje, nikachanganya unga. Wamekuja Ingileif, mchungaji na mke wake, Karvel wa ofisi ya ndege, na hata Brandur, ambaye alikuwa nje hapo barabarani na tingatinga lake akifungua njia. Aliingia na mabuti, akala chapati tisa. Waliingia wamejaa theluji, kwa sababu upepo ulikuwa bado unapeperusha, wakakaa, wakashika vikombe kwa mikono miwili. Mchungaji alisema maneno mafupi ya shukrani kisha akalitazama dirisha muda mrefu. Ingileif alinibusu wakati wa kuondoka, na Ingileif si mtu wa kubusu.

Umekosa tu wewe. Nilikutengea chapati mbili zenye sukari kama unavyopenda. Nilizila mwenyewe siku ya pili yake.

Salamu kwa Lovísa. Sasa jaza nafasi yako kwenye daftari.

Dada yako mwenye furaha,
Steinvör


Reykjavík, 13 Machi 1969

Steinvör,

Lovísa anakusalimu na ameniomba nisiandike barua hii leo, ningoje hasira ipungue. Nimengoja siku mbili. Haijapungua.

Nilifungua daftari nijaze nafasi yangu. Unajua nasikiliza taarifa ya hali ya hewa mara nne kwa siku na ninaandika ya kwenu kila adhuhuri, miaka yote hii. Nakunukulia nilichoandika Jumatatu tarehe tatu Machi: ghuba za magharibi, upepo wa kaskazini mashariki, nguvu kumi, theluji nzito, huwezi kuona hata mita hamsini. Jumapili vivyo hivyo. Jumanne vivyo hivyo. Meli mbili zilikimbilia bandarini kwenu, zimetajwa kwa majina redioni.

Jua gani hilo, dada?

Mimi ni fundi saa. Saa iliyosimama naivumilia, ila inayodanganya siivumilii. Kama umeona aibu kwamba Machi imeingia na hujaandika kitu kwenye fremu, ungeniambia. Kama unataka kunisuta kwa kutokuja, nisute kwa maneno, usinitungie hadithi ya mwanga mikononi na chapati nilizotengewa ili nikose usingizi. Baba angesema nini? Umeandika uongo kwenye fremu yake, kwa penseli yake.

Au basi umeanza kuchanganyikiwa, na kama ni hivyo lile jambo jingine limekwisha kutokea, na ninakuja kukuchukua mwezi wa tano, barabara zikifunguka. Chagua mwenyewe lipi kati ya hayo mawili.

Eyvindur


Kaldavík, 24 Machi 1969

Eyvindur,

Mimi ni mzima. Barua yako niliisoma kwa siku mbili, kwa kioo cha kukuzia cha Baba, neno moja moja. Kwa hiyo ule ubaya wako ulinifikia kidogo kidogo, sijui kama hiyo ilikuwa nafuu.

Nilipomaliza nilivaa viatu vya misumari nikaenda kwa Ingileif. Nikamwambia: tarehe tatu Machi kulikuwa na hali gani ya hewa? Alianza kukoroga kahawa yake. Alikoroga sukari ambayo alikuwa hajaitia. Nikamwambia, Ingileif, nakuuliza wewe kwa sababu hao wengine nitawachukia wakinijibu. Ndipo akasema.

"Zilikuwa taa za tingatinga, Steinvör. Brandur alisimama mbele ya dirisha lako kuchimbua ukuta wa theluji. Ulikuwa umefurahi mno. Nani angeanza?"

Hakuanza mtu. Watano wamekaa jikoni mwangu katika dhoruba wakala chapati za jua, na Brandur ambaye ndiye jua lenyewe akala tisa. Upepo niliusikia, Eyvindur. Theluji niliiona kwenye makoti yao, kwa pembeni. Nikajiambia jua linaweza kuwaka na upepo ukavuma. Nililitaka sana, basi.

Sasa pokea jibu la lile swali lako uliloniuliza mara tatu. Daktari alisema macho. Katikati ya kila kitu pana doa, kama mtu ameweka kidole kwenye kioo na hataki kukiondoa. Nikikutazama usoni nitaona masikio yako. Kwenye ngazi nilianguka kwa sababu sikuiona. Soksi zilikuwa rangi moja kwa kadiri nilivyojua mimi. Bahasha anaandika Ingileif kwa sababu yangu ya mwisho ilipelekwa Greenland. Doa halitibiki, na linakua, ila kingo zitabaki. Kwa kingo hizo ninapika, ninafua, ninajua kila msumari wa nyumba hii. Huko kwako, penye hilo dirisha la kusini, sijui hata swichi iko wapi. Nikitoka hapa nitakuwa kipofu siku hiyo hiyo. Hapa bado. Ndiyo maana sikukuambia, maana ulisema jambo moja tu, na nilikubali mbele ya Lovísa.

Hayo ni yangu. Sasa yako.

Tarehe kumi na tisa Februari ndege ilikuja. Wewe unaiandika redio kila adhuhuri, je, ya siku hiyo uliiandika? Wingu lilikuwa juu sana, upepo mdogo. Ilitua saa nne asubuhi, ikaleta barua, nanasi moja la mke wa daktari, na abiria wanne. Karvel ndiye anayeshika orodha. Jina lako lilikuwepo, limefutwa kwa mstari. Sikumwuliza, aliniambia mwenyewe akaona haya. Mwaka jana hivyo hivyo, na mwaka juzi.

Na mwaka 1958 pia, Eyvindur. Februari ile Mama alilala hapa jikoni kwa sababu alitaka kuliona jua likifika. Aliuliza habari zako asubuhi na jioni. Nilimwambia ni hali ya hewa. Nje palikuwa shwari hadi unaweza kusikia bata wakizungumza bandarini, na mimi nikamwambia kuna dhoruba, mwanao amekwama. Alikuwa hawezi tena kuinuka aone. Akasema maskini mtoto, na baridi hii. Tukamzika, ukatuletea simu ya maandishi kwamba ndege imeahirishwa.

Miaka kumi na moja nimekushikia uongo huo, hata siku moja sikukuambia kwamba ni mzito. Halafu wewe unaniandikia habari za saa inayodanganya.

Nimefuta tarehe tatu kwenye fremu, kwa kusugua na kipande cha mkate, kama Baba alivyotufundisha kufuta. Mahali pa mwaka huu ni patupu. Watu wanasema jua linapita jikoni kila siku wingu likiachia, na sasa linakaa karibu saa nzima. Linapita, sikatai. Lakini anayeandika ni aliyeliona, na katika nyumba hii hakuna mtu aliyeliona. Kwa hiyo bado halijafika. Sina zaidi.

Steinvör

Ingileif ameisoma barua hii ili nijue kama mistari imenyooka. Analia, lakini anasema imenyooka.


Ísafjörður, 2 Aprili 1969, Jumatano kabla ya Pasaka

Dada yangu Steinvör,

Salamu nitakupa kwa mdomo. Lovísa amebaki, amenifungia mkate mweusi na ameniambia nisirudi kabla sijaombwa nirudi.

Niko Ísafjörður, mji wa ghuba jirani na yenu. Leo asubuhi ndege ilitakiwa kunileta Kaldavík, na imeahirishwa kwa hali mbaya ya hewa. Naomba usicheke. Ni dhoruba ya Pasaka, imeingia jana saa nane mchana, wewe mwenyewe unaisikia huko kwenye paa. Nimekwenda kwa karani wa kiwanja nikamwomba aandike kwenye karatasi kwamba ndege imezuiwa na theluji, atie tarehe na apige muhuri. Akaniuliza ni kwa ajili ya kazini. Nikamwambia ni kwa ajili ya dada yangu. Alinitazama kama mtu aliyepotea, lakini akapiga. Karatasi ninayo mfukoni, nimeitia ndani ya bahasha isilowe. Ni mara ya kwanza hali ya hewa kunizuia kweli, na nimekasirika sana.

Mwaka ule wa 1958 nilifika kiwanjani, Steinvör. Nilikaa na begi miguuni. Walituita, watu wakasimama wakaenda, na mimi sikusimama. Niliogopa kumwona Mama amesinyaa kitandani. Ni hilo tu, hakuna sababu nyingine kubwa zaidi niliyoificha, nimetafuta sana. Nilijiambia nitapanda ya kesho. Kesho yake ukawa umeniletea habari za kifo chake. Baada ya hapo kila Februari niliweka nafasi, nikaenda, nikakaa pale pale kwenye benchi lile lile, na kila mwaka miguu ilikuwa mizito zaidi kwa sababu sasa nilipaswa kukutazama wewe. Tarehe kumi na tisa Februari daftari langu lina nafasi tupu. Sikuweza kuiandika. Sikujua kwamba ulimwambia ni dhoruba. Kwamba aliondoka akinihurumia.

Barua niliyokuandikia tarehe kumi na tatu ichome. Kama umeihifadhi kwa ubishi, nitaichoma mwenyewe.

Habari za mwezi wa tano nimezifuta. Sikuletei chumba. Nimeleta rangi nyeupe ya kupaka kingo za ngazi, kengele ya mlango, na saa ya mezani niliyoifungua kioo ili uisome kwa kidole. Nimeitengeneza kwa wiki moja, inapoteza dakika mbili kwa siku na sijajua kwa nini. Utaivumilia.

Meli ya posta inaondoka upepo ukilegea, labda kesho, labda Ijumaa Kuu. Nahodha anasema bahari ni chafu na atatapika kila mtu isipokuwa yeye. Nimekata tiketi. Barua hii nampa yeye, kwa hiyo huenda tukafika pamoja, mimi na barua, katika mfuko mmoja, tumelowa sote. Ikiwa hivyo, mngoje Ingileif akusomee nikiwa nimetoka nje. Sitaweza kuwapo.

Usikaange kitu. Usimwambie yule mama wa posta. Tutakaa mezani wawili kuanzia saa tano, wewe menya viazi, mimi nitatazama pengo la Hestur. Jua likiwapo, nitakuambia lipo. Kama halipo, nitakuambia halipo. Na fremu utaiandika wewe, mimi nitakushika mkono mpaka mahali penyewe.

Mdogo wako,
Eyvindur